Je, Ngozi Nyeusi Haipati Saratani?

Wengi huamini kwamba saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu na ya watu wenye ualbino, na kwamba mtu mweusi hana haja ya kuyajali madoa ya mwilini mwake. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa melanini, yaani rangi ya asili inayoifanya ngozi iwe nyeusi, hupunguza kweli madhara ya jua. Hata hivyo melanoma, aina hatari ya saratani hiyo, kwa watu weusi hujitokeza zaidi mahali pasipopigwa sana na jua: kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Ndiyo maana hudhaniwa kuwa ni alama ya kujikwaa, na mgonjwa hufika hospitali akiwa amechelewa, jambo linalosikitisha, kwani ikigunduliwa na kukatwa mapema mara nyingi mtu hupona.

Kujichunguza hakuhitaji mashine. Mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga, keti penye mwanga wa mchana, weka kioo sakafuni na utazame unyayo, bila kusahau katikati ya vidole. Ukiona doa, lipige picha kwa simu huku rula ikiwa kando yake, kisha ulinganishe mwezi unaofuata. Doa linalobadilika, hata likiwa dogo, lenye kingo zisizo sawa au rangi zaidi ya moja, au lililozidi milimita 6, lionyeshwe daktari. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwa weusi wengi. Mstari mpya kwenye ukucha mmoja, hasa unaopanuka au unaoitia weusi ngozi ya shina la ukucha, ndio wa kuwahishwa hospitali.