Operesheni ya utumbo: nini cha kawaida, nini cha kukimbilia hospitali

Swali: Baba yetu utumbo ulijisokota, juzi wamekata kipande wakaunganisha. Kila nesi akipita anamuuliza kama kajamba, mzee anaona aibu kweli. Kwani wanatafuta nini?

Jibu: Mwambieni asione aibu, huo ushuzi ndo habari njema yenyewe. Utumbo ukishaguswa unalala siku mbili tatu hivi, ukianza kutoa hewa ujue umeamka, ndo maana wanamtoa kitandani mapema atembee hata mpaka dirishani, na kutembea huko kunasaidia pia damu isigande miguuni. Ila tumbo likijaa kama ngoma na anatapika maji ya kijani, mwiteni nesi muda huohuo.

Swali: Hatari yenyewe hasa iko wapi?

Jibu: Pale walipounganisha. Pakiachia, choo kinavujia ndani ya tumbo, na mara nyingi inatokea kwenye siku ya 5 hadi ya 7, yani mgonjwa kashakunywa uji na ndugu wameshaanza kuulizia lini anaruhusiwa. Na haiji na kelele siku zote! Unaona tu moyo unakimbia, pumzi fupi, tumbo linauma kuliko jana wakati lilitakiwa lipungue, mara anaongea vitu havieleweki. Kwa mzee hata homa inaweza isiwepo. Kama mko nyumbani msimpe panadol mkasema tuone kesho, rudini usiku huohuo.

Swali: Mimi nilitolewa utumbo nje, natumia mfuko, ngozi inaungua mpaka silali.

Jibu: Pole sana dada. Angalia tundu unalokata kwenye bamba, ile sehemu inayonata kwenye ngozi na kushika mfuko, likiwa kubwa choo kinakaa juu ya ngozi. Lizidi kile kinyama, yani utumbo uliotokeza nje, kwa milimita 2 au 3 tu, na upime upya maana kinyama kinanywea wiki za mwanzo. Osha na maji ya kawaida, kausha kabisa, mafuta usipake, bamba halitashika. Kinyama chenyewe kiwe chekundu na chenye unyevu kama ndani ya shavu, kikiwa cheusi ni hospitali leo hii.

Swali: Ndoo ya maji naruhusiwa kubeba lini?

Jibu: Kaa wiki 6 angalau, la sivyo ngiri inatokea palepale kwenye mshono. Na ukikohoa, bana mto tumboni.