Amidi maana yake nini? Neno la chuo lenye mizizi kwenye nahau

Juzi baada ya Alasiri hapa Ujiji mpwa wangu alikuja barazani na karatasi, anasoma chuo kikuu Dar na sasa yuko likizo, ana barua ya kuandika akaniuliza mjomba hivi huyu Amidi ni nani hasa na kwanini wasiseme tu mkuu. Nikamjibu kwa urefu na naona niandike na hapa maana hili neno nalipenda kweli.

Kikazi amidi ni kiongozi wa kitivo au shule kuu ndani ya chuo kikuu. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Rasi wa Ndaki, yani mkuu wa koleji, kuna Amidi wa Shule Kuu, alafu kuna wakuu wa idara. Rasi ni kichwa kwa Kiarabu, hiyo rahisi. Amidi inatoka mzizi wa ain, mim, dal, humohumo ndo inatoka amudi, yani nguzo, ule mti unaobeba hema, kwahiyo amidi wa watu ni yule ambao wenzake wanamwegemea.

Sasa waliokaa darasa la nahau, yani sarufi ya Kiarabu, wanajua mzizi huu unarudi tena. Sentensi ina umda na fadhla. Ukisema kwa Kiarabu "Alikula Juma mgebuka", kitenzi na mtenda ndo umda, bila hivyo sentensi haisimami, mgebuka ni fadhla yani ziada. Usidhani ziada maana yake haina kazi, hapana, ni kwamba ukiitoa jengo halianguki.

Alafu kuna imadi, ya mzizi huohuo, na hapa ndo patamu. Chukua "Zaydun al-alimu". Inaweza kuwa "Zaidi ni yule msomi", na inaweza kuwa "Zaidi msomi..." msikilizaji akabaki anasubiri huyo Zaidi kafanya nini. Ukiweka katikati neno la Kiarabu "huwa", yani yeye, "Zaydun huwa al-alimu", utata umeisha. Wanahau wa Basra, mji wa Iraki, hiyo "huwa" wanaiita dhamiri ya fasli, yani kiwakilishi cha kutenganisha, kwasababu inatenganisha habari na sifa, wale wa mji mwingine wa huko unaoitwa Kufa wanaiita imadi, kwasababu maana imeegemea hapo. Neno ni lilelile moja, ila kila mji umeliangalia kwa upande wake, na mi hapo naona Kufa wamepatia jina zuri zaidi.

Ubishi wa miji hii miwili haukuwa wa majina tu. Mwanahau Sibawayh wa Basra alikutanishwa na mwanahau mwenzake al-Kisai wa Kufa huko Baghdad mbele ya waziri Yahya bin Khalid al-Barmaki, swali likiwa hili: nilidhani ng'e anauma kuliko nyigu, kumbe yeye ndo yuleyule, yani wako sawa, je mwishoni unasema "huwa hiya", yeye akiwa kama mtenda, au "huwa iyyaha", yeye akiwa kama mtendwa? Sibawayh akasema huwa hiya basi, al-Kisai akaruhusu na ya pili. Wakaitwa Waarabu waliokuwa mlangoni waamue wakampa ushindi al-Kisai, na al-Kisai alikuwa mwalimu wa watoto wa khalifa Harun al-Rashid, kwahiyo wapo wasimulizi wanaosema walihongwa na wengine wanasema waliogopa cheo chake. Sibawayh akaondoka kurudi Uajemi akafia huko. Wanahau wengi waliokuja baadae wamesema haki ilikuwa yake, na hilo linaniuma kila nikilisoma, mtu ana hoja sahihi anashindwa kwasababu mwenzake ana mlango wa ikulu.

Ndo maana nikamtajia mpwa wangu mwandishi Taha Hussein wa Misri, amidi aliyesimama mbele ya wenye madaraka. Alikuwa amidi wa Kitivo cha Sanaa chuo kikuu cha Cairo, mtu asiyeona tangu utotoni, na mwaka 1932 serikali ikamtoa kwenye cheo baada ya kukataa wanasiasa wapewe digrii za heshima. Mkuu wa chuo Ahmad Lutfi al-Sayyid akajiuzulu kwa ajili hiyo. Taha Hussein akarudi kwenye kiti mwaka 1936, na mpaka leo Waarabu wanamwita Amidi wa Fasihi ya Kiarabu.

Barua ya kijana tumeanza na "Kwa Amidi", alafu chini yake "kupitia kwa Mkuu wa Idara", maana huyo nae ana nafasi yake asirukwe.