Picha Zako Ziko kwa Nani? Programu Huria na Haki ya Kushika Data Yako Mwenyewe

Google Photos ilipoanza mwaka 2015, iliwapa watumiaji nafasi isiyo na ukomo, mradi picha zikubali kupunguzwa ubora kidogo. Watu wakaacha kuhamishia picha kwenye kompyuta, wakaacha kununua flashi, harusi na misiba na watoto waliozaliwa vyote vikapanda juu huko. Tarehe 1 Juni 2021 utaratibu ukabadilika: kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa ndani ya GB 15 za bure, na hizo GB 15 zinagawanywa pia na barua pepe na nyaraka. Kisha, kuanzia Desemba 2023, akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo.

Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Masharti tuliyoyakubali kwa kubonyeza kitufe bila kuyasoma yaliruhusu yote hayo, na kampuni ilitoa taarifa mapema. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba uamuzi ulifanyika mbali naye, kuhusu vitu vyake, na yeye hakuwa na kauli.

Kwetu hali inakuwa ngumu zaidi kwa sababu ya laini. Akaunti nyingi zimefunguliwa kwa namba ya simu. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na baadaye namba ile ile huuzwa kwa mtu mwingine. Siku simu inapoibwa au kuharibika, mwenye akaunti anaingia kwenye simu mpya, anaandika nywila sahihi kabisa, halafu anaambiwa namba ya uthibitisho imetumwa kwenye laini ambayo sasa iko mfukoni mwa mtu asiyemjua. Sisi mafundi wa kitengo cha TEHAMA hupokea watu wenye shida hii mara kwa mara, na mara nyingi hatuna la kuwasaidia. Hakuna ofisi ya kwenda kubisha hodi. Kuna fomu tu, na jibu linatoka kwenye mashine.

Mtumiaji hupata mamlaka juu ya kompyuta yake kwa mambo mawili: haki aliyonayo juu ya programu anayoitumia, na mahali data yake inapokaa. Yote mawili yanahitajika. Watu wengi hulijua la kwanza kwa jina tu, na la pili hawajawahi kuambiwa kwamba linawezekana.

Nianze na programu. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT, Marekani, alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta, akiwa na dai moja: mtu anayetumia programu awe na haki ya kuiendesha kwa kazi yoyote, kuchunguza inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kuwagawia wengine, iwe kama alivyoipokea au baada ya kuirekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani ya mfumo inayosimamia mashine, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Programu yenye haki hizo ndiyo tunayoiita programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi ya kiufundi yanayoiunda, uko wazi, na hakuna anayeweza kuurudisha kabatini na kuufungia.

Haki hizo zimeshatumika hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Hawakusubiri kampuni yoyote ipige hesabu kama soko la Waswahili lina faida. Leseni iliruhusu, wataalamu wakakaa chini, wakatafsiri. Miaka miwili baadaye, mjini Eldoret nchini Kenya, programu huria ya OpenMRS ilianza kutunza rekodi za wagonjwa wa UKIMWI, na mwaka huo huo ikafika Rwanda. Kliniki hazikuilipia leseni kwa kila kompyuta, na waandaaji programu wa hapa waliweza kuifungua na kuirekebisha ilingane na fomu zinazotumika hapa.

Hata hivyo, msimbo kuwa wazi hakutoshi. Simu nyingi mikononi mwa wasomaji wangu zinaendeshwa na Android, ambayo imejengwa juu ya Linux. Seva za kampuni kubwa za intaneti, yaani kompyuta zinazotuhudumia kutoka mbali, nazo zimejaa Linux. Je, hilo limempa mwenye simu mamlaka yoyote juu ya picha zake? Halijampa. Uhuru wa programu unamfikia yule anayeiendesha, na kama inaendeshwa kwenye seva ya kampuni, basi uhuru ni wa kampuni. Wewe ni mpangaji: mwenye nyumba akipandisha kodi au akibadilisha kitasa, unachoweza kufanya ni kulipa au kuhama, kama bado amekuachia mlango.

Kwa sababu hiyo nashauri watu waanze kujihifadhia. Neno seva lisimtishe mtu. Ni kompyuta iliyopewa kazi ya kuwahudumia wenzake. Na kwa mtu wa kawaida, hatua ya kwanza haihitaji hata seva. Kuna programu huria iitwayo Syncthing. Unaiweka kwenye simu na kwenye kompyuta ya nyumbani, unazitambulisha zenyewe kwa zenyewe kwa kuskani alama ya QR, kisha unachagua folda ya picha. Vifaa hivyo viwili vikikutana kwenye Wi-Fi moja, picha mpya zinahama zenyewe, zikiwa zimesimbwa, yaani zimefichwa asizisome asiye na ufunguo, bila kupita kwenye wingu (seva za kampuni) la mtu na bila kula bando.

Kuna jambo moja ambalo anayeanza lazima alielewe. Syncthing inafananisha folda mbili. Ukifuta picha kwenye simu, itafutwa na kwenye kompyuta. Kwa hiyo, kwenye simu, weka folda iwe ya kutuma tu. Kwenye kompyuta, washa sehemu ya kutunza matoleo ya zamani, ili faili lililofutwa kutoka upande wa simu lihamie kwenye pipa la taka na kukaa humo kwa muda utakaoutaja. Bila mpangilio huo, mtu anadhani ana nakala mbili kumbe ana moja inayoonekana mahali pawili.

Programu hiyo hiyo inatufundisha jambo la maana. Mwishoni mwa 2024 waandaaji wake rasmi waliacha kutoa toleo la Android. Kwa programu iliyofungwa, habari ingeishia hapo. Lakini msimbo ulikuwa wazi, na tayari kulikuwa na tawi lake, yaani toleo lililotokana na msimbo ule ule, lililokuwa likiendelezwa na watu wengine. Watumiaji wakahamia huko, na mafaili yao hayakuguswa, kwa kuwa hayakuwahi kutoka kwenye vifaa vyao.

Ofisi, shule au chama cha ushirika kitahitaji zaidi ya hapo. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye RAM ya GB 4, ikiwekewa Debian, ambayo ni mfumo wa Linux, na Nextcloud, programu huria ya kuhifadhi na kushirikishana mafaili, inaweza kuwatunzia wafanyakazi kadhaa nyaraka, kalenda na orodha ya mawasiliano. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, nayo inafaa kwa matumizi madogo, na kwa kazi za kawaida haifikishi wati 10 za umeme. Kwenye umeme ndipo penye kazi kwetu. Umeme ukikatika ghafla wakati hifadhidata inaandikwa, mafaili yanaweza kuharibika, hivyo UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda, inunuliwe siku ile ile inayonunuliwa diski, na iunganishwe na seva ili iizime taratibu kabla betri haijakwisha.

Kikwazo cha pili ni mtandao. Kampuni nyingi za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti kwa pamoja, na kwa hiyo seva iliyo nyuma ya modemu ya 4G haifikiki kutoka nje. Ndani ya ofisi itafanya kazi vizuri sana, ukitoka nje huioni. Njia inayotumika ni kukodi seva ndogo yenye anwani yake, halafu kujenga njia ya siri kati yake na ofisi kwa programu huria ya WireGuard, ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe. Data inabaki ofisini. Seva ya kukodi inapitisha tu. Mpangilio huu unafaa pia kwa usalama, maana hulazimiki kufungua mlango wowote wa rauta kwa dunia nzima.

Simshauri mtu aanze na barua pepe. Kuendesha seva ya barua ni kazi ya kila siku, na watoa huduma wakubwa hukataa kirahisi barua zinazotoka kwenye anwani wasizozijua. Anza na nyaraka, picha na nywila. Kwa nywila kuna KeePassXC, inayoziweka zote kwenye faili moja lililosimbwa ambalo unalitunza mwenyewe.

Taasisi ikumbuke pia wajibu wake kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 zinaibana taasisi inayokusanya taarifa za watu, popote inapozihifadhi. Kuwa na seva yako hakukuondolei wajibu huo. Kunakuwezesha kujibu kwa uhakika ukiulizwa taarifa za wanachama ziko wapi na nani ana ruhusa ya kuzifungua.

Walimu wa maabara za kompyuta wana swali lao. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo mashine nyingi za kabla ya 2018 hazina. Mashine hizo ndizo zimejaa katika shule zetu. Nawasihi wasikimbilie Windows iliyokrakiwa ya mtaani, kwa sababu anayevunja leseni ana nafasi nzuri ya kuweka virusi humo humo. Wekeni Linux Mint, mfumo huria unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, kwenye flashi, washeni kompyuta moja kwa hiyo flashi bila kugusa diski, na mwangalie kama printa, sauti na Wi-Fi vinafanya kazi. LibreOffice, programu huria ya ofisi, inafungua nyaraka za Word na Excel, ingawa zile zenye makro nyingi (amri za kujiendesha zilizoandikwa ndani yake) zijaribiwe kwanza.

Mwisho ni nakala rudufu, na hapa sina huruma na mtu. Diski moja ni hatari hata ikiwa ya kwako. Ziwe nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ilale nje ya jengo, ikiwa imesimbwa. Nywila kuu ya seva iandikwe kwenye karatasi, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na ikae kwenye sefu ya mkuu wa taasisi, kwa sababu fundi naye huhama kituo. Na kila muhula chukueni faili moja kutoka kwenye nakala hiyo, mlirejeshe kwenye kompyuta nyingine, mlifungue, mlisome.