Je, wajua baiskeli inajengaje nyumba?

Mtu akitoka Dodoma mjini kwa baiskeli mpaka Kibaigwa, karibu kilomita 90 za barabara ya Morogoro, miguu yake huwa imesukuma kazi ya takribani nusu uniti ya umeme. Nusu uniti, hizi hizi tunazonunua za LUKU. Mwendeshaji wa kawaida hutoa kama wati 100 kwenye pedali, na safari hiyo inakula saa tano hivi. Jasho hilo ungeliuza kwa bei ya TANESCO, usingepata hata hela ya soda.

Lakini kuna watu duniani wanaoendesha baiskeli ili kuchangia nyumba za watu wa kipato cha chini, na nyumba zinajengwa kweli. Marekani lilianzishwa shirika liitwalo Bike & Build mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambalo vijana wake walikuwa wakikatiza nchi nzima kwa baiskeli, kutoka bahari hadi bahari, wakilala makanisani na mashuleni, na kusimama njiani siku nyingine kushika nyundo na kujenga. Hela ilitoka wapi, ikiwa pedali hazizalishi kitu?

Ilitoka kwenye mifuko ya watu ambao hawakupanda baiskeli. Kila mwendeshaji hupewa kiwango cha kuchangisha kabla ya kuondoka, kisha huwaendea ndugu, marafiki, wafanyakazi wenzake na waumini wenzake. Aliyewahi kuwekwa kwenye kamati ya harusi anaijua mashine hii vizuri: kadi zinagawiwa, ahadi zinaandikwa, mweka hazina anakumbusha kwenye grupu la WhatsApp, na siku ikikaribia watu wanamalizia ahadi zao kwa aibu au kwa mapenzi. Kinachosukuma hela hapo ni tarehe. Mwambie mtu "tunachangia nyumba za wasiojiweza" atakujibu "Mungu awabariki" na kuendelea na shughuli zake. Mwambie "Jumamosi ya tarehe fulani naondoka na baiskeli kwenda Iringa, niahidi chochote", hapo ana jambo la kujibu.

Kuna na hesabu ya watu. Waendeshaji 30, kila mmoja akiwa na watu 40 wa kuwaomba, wanafika kwa watu 1,200 ambao shirika lenyewe lisingewajua hata kwa majina. Watu hao hawatoi kwa sababu wanalijua shirika. Wanatoa kwa sababu wanamjua Juma, mwendeshaji aliyewaomba.

Basi kwa nini Juma ateseke? Asingeweza kukaa nyumbani akapiga simu tu? Watafiti wawili, Christopher Olivola na Eldar Shafir, walichapisha mwaka 2013 majaribio yaliyolenga swali hilo. Waligundua kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi pale utoaji wenyewe unapoambatana na maumivu na juhudi, kwa mfano kukimbia maili tano, kuliko unapoambatana na starehe kama mandari. Cha kuvutia zaidi, hali hiyo ilionekana hasa pale lengo lilipokuwa kuwasaidia watu walio kwenye shida. Lengo likiwa jambo la kufurahisha, kama bustani ya watu kupumzikia, mateso hayakuongeza mvuto huo. Kukosa makazi kumeangukia upande wenye mvuto.

Sisi tulilijua hilo bila maabara. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Gari lilikuwepo. Na tangu 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa Kili Challenge, ambapo watu hupanda Mlima Kilimanjaro na wengine kuuzunguka kwa baiskeli ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI.

Kwa Dodoma, jambo hili lina uzito wake. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba sasa inahamia kweli, baada ya uamuzi uliokuwepo tangu 1973, watu walimiminika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,000 hivi mjini hapa. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 760,000. Anayelipa kodi ya chumba kwa miezi sita mbele anajua maana ya tarakimu hizo kuliko mtakwimu yeyote. Zamani nyumba ya Mgogo, tembe, ilikuwa miti, fito na udongo mpaka kwenye paa lake bapa, na iliwezekana kujengwa kwa nguvu za ndugu na majirani na mtungi wa pombe ya mtama. Nyumba ya leo inataka saruji, nondo, mbao na bati, vitu ambavyo muuza vifaa hatakupa kwa sababu majirani zako wana mikono. Ndiyo maana nacheka kidogo nikiona wageni wamesafiri mbali kuja kubeba bloku. Wabebaji tunao. Pungufu ni hela ya saruji. (Na mchangiaji ana haki ya kuuliza mapema: jezi, gari la kusindikiza na chakula cha njiani vinalipwa na nani? Vikilipwa kutoka kwenye michango, huo ni utalii wa kuendesha baiskeli.)

Hela ikishapatikana, mara nyingi haigawiwi bure. Millard Fuller, Mmarekani aliyeanzisha shirika la kujenga nyumba la Habitat for Humanity mwaka 1976, aliujaribu mpango wake Mbandaka, kando ya Mto Kongo, kuanzia 1973: familia inauziwa nyumba bila faida na bila riba, inalipa kidogo kidogo, na marejesho yanajenga nyumba ya mwingine. Baadaye alianzisha shirika jingine, Fuller Center for Housing, na hilo lina msafara wake wa baiskeli tangu 2008.

Tuseme hapa Dodoma, kata ya Nala, nyumba ndogo imegharimu milioni 12, na familia inarejesha laki moja kila mwezi. Itamaliza kwa miaka kumi. Nyumba kumi za namna hiyo zinaingiza milioni moja kwa mwezi, yaani nyumba moja mpya kila mwaka bila kumwomba mtu. Inapendeza, ila bei hazisimami. Zikipanda kwa asilimia 3 tu kwa mwaka, nyumba ile ile baada ya miaka kumi itataka zaidi ya milioni 16, na mfuko umerudishiwa milioni 12. Hakuna riba ya kuziba pengo hilo la milioni nne na ushei kwa kila nyumba. Linazibwa na michango mipya, na kwa sababu hiyo Juma anapakwa mafuta ya mnyororo tena mwaka unaofuata.