Je, wajua kwa nini mnong'ono usiousikia hukuganda moyoni?

Mwaka 2003 ilitoka filamu ya Sofia Coppola iitwayo Lost in Translation. Wamarekani wawili, mwanamume wa makamo na mwanamke kijana, wote na ndoa zao, wanakutana hotelini Tokyo. Usingizi hauwajii, Kijapani hawakijui. Wanatembea, wanazungumza kidogo, wananyamaza sana. Siku ya kuagana, katikati ya watu barabarani, mwanamume anamnong'oneza mwenzake jambo ambalo sisi watazamaji hatulisikii. Miaka zaidi ya 20 imepita, na watu wangali wakibishana alimwambia nini.

Yapata miaka 100 iliyopita huko Urusi, Lev Kuleshov alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, uso mtulivu tu, akaiunga na sahani ya supu, kisha na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, halafu wakaona huzuni, wakamsifu mwigizaji kwa ufundi wake. Uso ulikuwa uleule. Njaa na huzuni walizitia wao wenyewe, na mtu alichokitia mwenyewe hukiona ni chake. Mnong'ono ule nao hufanya kazi hivyo: kila mmoja huujaza kwa maneno ambayo yeye angetamani kuambiwa.

Unguja tunalijua hili kwa kanga. Jirani anapita na maneno ya kanga yake mgongoni, hafungui kinywa, na barazani kila mmoja anahisi kasemwa yeye. Angetajwa mtu, wengine wote wangepumua.

Lakini kwa nini wawili wale wa filamu ni wasafiri? Mwaka 1908 mwanasosholojia Georg Simmel wa Ujerumani aliandika kwamba mgeni huaminiwa siri ambazo hata jamaa wa karibu hufichwa. Mimi naona sababu yake ni nyepesi: mgeni ataondoka nazo, wala kesho hutamkuta msibani akikutazama.

Nimeliona kwenye meli ya Pemba. Wanawake wawili walikaa pamoja bandari ya Malindi, Unguja, hawajuani. Kabla ya kuona Mkoani, bandari ya Pemba, mmoja alishamweleza mwenzake habari yote ya talaka yake, na yule mwingine akawa anamshikia mtoto, anamwitikia "ee, bibi we" na kunyamaza. Bandarini yule msikilizaji alimtwika mwenzake kikapu kichwani, akamfunga vizuri mtoto mgongoni. Namba za simu hawakupeana.