Usikivu si wasikilizaji

Kuna mtangazaji mmoja wa hapa Mbeya, simtaji jina, kila asubuhi lazima ajigambe: “Usikivu wetu ni Nyanda za Juu Kusini nzima!” Pumzi hiyohiyo anawaita wenye maduka wa Mwanjelwa walete matangazo, kana kwamba Nyanda za Juu nzima imetega sikio.

Usikivu wa redio ni eneo ambalo mawimbi yake yanafika yakiwa na nguvu ya kusikika. Basi. Hatujahesabu mtu hapo.

Neno lenyewe ndilo linalotuponza. Kabla ya redio, usikivu ulikuwa sifa ya binadamu: mtoto msikivu ni yule anayeambiwa mara moja akaelewa, tena akatii. Watu wa redio wakalichukua, wakauvisha mnara. Ndiyo maana ukilisikia unaona watu, wakati anayesifiwa ni mtambo. Mzizi ni mmoja, -sikia, ila umezaa watoto wasiofanana: kusikika na kusikiliza. Kusikika ni kazi ya fundi mitambo. Kusikiliza ni hiari ya mama aliye jikoni, na akichoka anazima. Usikivu wa redio umesimama upande wa fundi.

AM, ile redio ya mawimbi marefu kuliko ya FM, ndiyo inayoumbua kosa hili. Kwenye kilohezi 1000 wimbi lake lina urefu wa mita 300. Mchana linatambaa na ardhi, usiku linadunda angani na kutua mbali sana. Wimbi la FM la megahezi 100 ni mita 3 tu, nalo huenda karibu kama jicho linavyoona: mlima ukikaa katikati, kijiji cha nyuma kinabaki na mikwaruzo. Sisi wa Rungwe na Makete hilo hatuhitaji kuchorewa. Kwa usikivu, basi, AM ni mkubwa wa FM.

Lakini mnara wa AM wenye urefu wa robo ya wimbi hilo la mita 300 ni mita 75 kwenda juu, umeme unaliwa kwelikweli, na simu nyingi zenye redio hupokea FM peke yake. Taa na chaja za bei rahisi nazo zinaichafua AM kwa mvumo. Unaweza kufika Ludewa yote na usimkute aliyewasha.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa asubuhi, usikivu wenu kufika Kyela nakubali. Kwa mwenye duka, sema tu kwamba Kyela mnashika.