Je, Wajua: Kwa Nini Data Huharibika Baada ya Kusasisha Kerneli?

Mwambie fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, kwamba ulisasisha mfumo endeshi wa Linux jana na leo faili hazifunguki, na yaelekea utajibiwa moja kati ya mawili: diski imekufa, au sasisho limefuta kila kitu. Jibu la pili ndilo linaloaminiwa zaidi, na ndilo linalopotosha zaidi.

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, kinachosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vingine. Kwenye Ubuntu au Debian, ambazo ni aina za Linux, kerneli mpya huwekwa kando ya ile ya zamani, nayo ya zamani hubaki kwenye menyu ya kuwashia. Picha zako, hesabu za duka na tasnifu yako havijaguswa hata kidogo. Tena kompyuta ikikataa kuwaka baada ya hapo, huenda kerneli mpya imekosa tu draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa, ya kuiona diski. Chagua ile ya zamani na utakuta kila kitu mahali pake. Kama data imeharibika kweli kwa sababu ya kerneli, basi uharibifu ulianza baada ya kuwasha upya, pale kerneli mpya ilipoanza kuandika.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2021. Toleo la majaribio la 5.12-rc1 lilitoka mwishoni mwa Februari, na siku chache baadaye Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalibadilisha jina ili jina lenyewe lionye watu wasilitumie. Tatizo lilikuwa kwenye swapu. RAM ikijaa, kerneli huhamishia vipande vya kumbukumbu kwenye diski, kisha huvirudisha vinapohitajika. Swapu inaweza kuwa na patisheni yake, yaani sehemu ya diski iliyotengwa, au ikawa faili ndani ya patisheni ileile yenye data yako.

Fikiria mtu wa boda aliyetumwa kwenye jengo la ghorofa katika mtaa wa Pipeline, Nairobi: mtungi wa gesi, ghorofa ya tano, mlango wa tatu. Anakumbuka mlango, anasahau ghorofa. Anahesabu kuanzia chini, anaingia mlango wa tatu wa watu wengine, anatoa nje alichokikuta na kuuweka mtungi. Akitumwa kuuchukua kesho, anahesabu vilevile na kuukuta salama, kwa hiyo hana habari kwamba alikosea. Ndivyo ilivyofanya 5.12-rc1. Ilijua namba ya kipande ndani ya faili ya swapu, lakini ikasahau faili yenyewe inaanzia wapi, ikahesabu kuanzia mwanzo wa patisheni. Kwenye ext4, mfumo wa faili unaotumiwa sana na Linux kupanga data kwenye diski, karibu na mwanzo huo ndipo zilipo orodha muhimu zinazoonyesha faili ziko wapi.

Swapu yenyewe ilifanya kazi vizuri, kwa kuwa kusoma na kuandika kulikosea kwa kipimo kimoja. Hata daftari la ext4, linaloiokoa diski stima inapopotea ghafla, halikufaa kitu: swapu huandika moja kwa moja kwenye diski bila kupitia mfumo wa faili.

Waliotumia patisheni ya swapu, Torvalds akiwa mmoja wao, hawakudhurika. Patisheni hiyo huhesabiwa kuanzia mwanzo wake, basi hakuna ghorofa ya kusahau. Ubuntu nayo hutumia faili ya swapu tangu toleo la 17.04, na laptopu ya ex-UK yenye RAM ya 4GB huigusa swapu mara kwa mara. Hata hivyo, aliyeweza kuumia ni yule tu aliyejiwekea kerneli ya majaribio mwenyewe.

Matoleo thabiti nayo hayana kinga. Novemba 2023, rekebisho la ext4 liliingizwa kwenye kerneli 6.1.64 bila badiliko jingine ambalo rekebisho hilo lililitegemea, na data ikawa hatarini kuharibika. Debian ikasitisha toleo lake la 12.3, na tarehe 10 Desemba ikatoa 12.4.

Kurudi kwenye kerneli ya zamani huzuia kosa lisiendelee, ila hakurudishi kilichokwisha kuandikwa juu yake. Zima mashine, iwashe kwa flashi, nakili diski nzima kwenye diski nyingine, kisha urekebishe ile nakala. Ukikimbilia kurekebisha kwa fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, kwenye diski yenyewe, itaandika tena, na faili zilizopotewa na folda zao zitarundikwa ndani ya folda ya lost+found zikiwa na namba badala ya majina.